Farasi anapokuwa tiba, nani alipe?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapandishwa juu ya farasi. Mtu mmoja anamwongoza farasi kwa kamba, wawili wanatembea ubavuni wakimlinda mtoto asianguke. Baada ya nusu saa anashushwa. Je, ametibiwa au ameburudishwa tu? Jibu ndilo linaloamua iwapo bima italipa au mzazi atatoa fedha mfukoni.

Huduma hii ilipata msukumo mkubwa kutoka kwa mwanamke wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944 aliugua polio na kupooza miguu chini ya magoti. Mwaka 1952, akiwa bado anasaidiwa kupanda na kushuka, alitwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki. Kufikia mwaka 1969, Uingereza na Marekani zilikuwa na vyama vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu.

Msikilizaji, hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni tiba yenyewe: mtaalamu wa fiziotherapia hutumia mwendo wa farasi, ambao huitikisa nyonga ya mtoto kama inavyotikisika mtu anapotembea, ili kuimarisha mgongo na uwezo wa kukaa wima. La pili ni mafunzo ya kupanda farasi, yanayotolewa na mkufunzi, yenye lengo la kumjengea mtoto utulivu, kujiamini na uhusiano na wengine.

Ushahidi upo, ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Mwaka 2015, watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto na vijana 127 wenye usonji. Kwa wiki 10, kundi moja lilipanda farasi. Jingine lilifundishwa habari za farasi bila kupanda. Waliopanda walipungukiwa zaidi na hasira na kutotulia, na mazungumzo yao yakaongezeka. Lakini hakuna aliyeponywa usonji, na kituo kinachoahidi hivyo kinamdanganya mzazi.

Gharama nazo si ndogo. Farasi hula kila siku, hata siku ambayo hakuna mtoto aliyekuja, na mtoto mmoja huweza kuhitaji watu wazima watatu. Ndiyo maana Uingereza huduma hii inategemea sana michango na watu wanaojitolea. Wakipungua, foleni ya watoto inarefuka.

Kwa maoni yangu, bima inauliza swali lisilo sahihi. Mtaalamu akimkalisha mtoto juu ya mpira mkubwa kliniki, hakuna anayeuliza kama mpira ni dawa. Kinachoangaliwa ni kama mtoto ameanza kukaa mwenyewe. Farasi naye apimwe hivyohivyo: lengo liandikwe, maendeleo yapimwe, mtaalamu awajibike. Na daktari aulizwe kwanza, kwani wapo watoto, hasa baadhi ya wenye Down ambao mifupa ya shingo haijashikana vizuri, ambao kupanda farasi kunaweza kuwadhuru.