Tahariri: Hesabu Kwanza, Uamuzi Baadaye



Miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wetu hapa Uingereza wamo wauguzi, wasaidizi wa walimu na makarani wa halmashauri. Aghalabu hutujia na swali moja: je, tupunguze siku za kazi ili tuwe karibu na watoto, au na mzazi aliyezeeka? Mmoja huhofu kuwa akiacha siku moja nyumba itaanguka. Mwingine huacha bila hata kuitazama hati yake ya mshahara. Wote wawili wameamua kabla ya kupiga hesabu.

Tuchukue mfano. Karani wa halmashauri, England, analipwa pauni 30,000 kwa mwaka kwa siku 5 za wiki. Akibaki na siku 4, mshahara wake ghafi utakuwa pauni 24,000. Amepoteza sehemu moja katika tano. Je, na mkononi atapoteza kiasi hicho hicho? La. Kwa viwango vya mwaka wa kodi wa 2025/26, pauni 12,570 za mwanzo hazitozwi kodi ya mapato wala Bima ya Taifa. Zinazozidi hapo hutozwa kodi asilimia 20 na Bima asilimia 8. Mchango wa pensheni, ambao hutolewa kabla ya kodi, nao hushuka kutoka asilimia 6.5 hadi 5.8. Matokeo yake, kwa siku 5 hubaki mkononi kama pauni 1,963 kwa mwezi, na kwa siku 4 kama pauni 1,640. Upungufu ni pauni 323, wala si 500.

Hata hivyo, mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, pensheni: kila mwaka karani huyu hujipatia sehemu moja ya 49 ya mshahara wake wa mwaka huo. Kwa hiyo mwaka mmoja wa siku 4 humwekea pensheni ya pauni 490 badala ya 612. Pili, kodi ya nyumba, deni la gari na fedha anazomtumia mama Mombasa au Unguja havipungui kwa sababu saa zimepungua. Tatu, ombi likikubaliwa mkataba hubadilika, na kurudi siku 5 si haki yake, ila ikiwa wameandikiana muda maalumu.

Haraka ya nini, basi? Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba tangu siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri hutakiwa kumaliza shauri hilo ndani ya miezi 2. Nafasi ya kuomba haikimbii.

Nasaha yetu ni hii. Mume na mke wakae pamoja, hati ya mshahara ikiwa mbele yao. Waandike kitakachopungua katika mapato, na kando yake kitakachookolewa: nauli ya siku ile na malipo ya mlezi wa mtoto. Kisha kwa miezi 3 waziweke kando zile pauni 323, waishi kwa kilichobaki. Nyumba ikisimama, na waombe wakiwa na yakini. Ikiyumba, wamejua mapema, na akiba wanayo mkononi.

Wabillahi tawfiq.