Dua ya safari na ulimi wa dereva

Watoto wetu wengi wa mjini huhifadhi dua ya kupanda chombo kabla hawajajua kusoma. Ustadhi huwafundisha chuoni, nao huisoma kwa sauti pindi baba anapowasha gari. Maneno yake yamo katika Suratuz Zukhruf: kumtakasa Mola aliyetutiishia chombo, na kukiri kuwa Kwake tutarejea. Gari likifika Ubungo, bodaboda akachomekea mbele, mtoto yule yule husikia kutoka kiti cha dereva maneno ambayo ustadhi hakumfundisha.

Hatusemi kwamba foleni ni jambo jepesi. Aliyetoka Posta saa 11 jioni kuelekea Kimara anaijua adha yake. Mdogo analia kwa kiu, wa kati amebanwa na haja, mkubwa anauliza kwa mara ya kumi kama wamekaribia. Vioo vikifungwa ni joto, vikifunguliwa ni moshi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yanapita pembeni katika njia yake, na mtoto anauliza kwa nini baba naye asiingie humo. (Swali zito, kwa kuwa wapo akina baba wanaoingia.)

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mkaidi, akawa anamvuta huku na huku. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha kushikamana na upole. Ukaidi ulikuwa wa ngamia, lakini aliyenasihiwa ni mpandaji. Sisi hushughulika mno na ukaidi wa daladala, bajaji na askari wa usalama barabarani, tukasahau kwamba nyuma yetu wameketi wanafunzi watatu wasioweza hata kutoka nje ya darasa.

Na si ulimi peke yake. Mzazi anapotanua, akapita juu ya njia ya waendao kwa miguu, watoto wanaona. Wameshasoma kwamba kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani; sasa wanamtazama mama muuza karanga akiruka mtaroni kulikwepa gari la baba yao.

Liko pia suala la Magharibi. Hapa Dar es Salaam huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, saa zile zile za foleni, na muda wake ni mfupi. Wengi husema, "Tutaswali nyumbani," wakafika Isha imeshaadhiniwa. Misikiti ipo Magomeni, ipo Manzese. Tuegeshe gari, watoto wajisaidie, watawadhe, waswali na jamaa. Foleni tutaikuta pale pale, ila watakaorudi garini watakuwa wametulia, pamoja na dereva wao. Chupa ya maji, tende chache na kanga ya akiba vikae ndani ya gari tangu asubuhi.