Mshauri wa ndoa hafundishwi kwa wiki tatu

SIKU hizi si ajabu kuona kibao cha mshauri wa ndoa katika miji yetu mingi humu nchini. Wengine wana ofisi, wengine hukutana na wateja hotelini, na wengine hutoa mawaidha redioni asubuhi watu wakielekea kazini. Wengi wao wana nia njema. Lakini ni wateja wachache wanaouliza: huyu alifundishwa wapi, na ni nani aliyemtazama akifanya kazi kabla ya kuachiwa nyumba za watu?

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Sheria hiyo ni nzuri, ila haijamsaidia mwananchi wa kawaida kumtofautisha mwenye cheti cha kozi fupi na aliyesomea shahada ya uzamili katika tiba ya ndoa na familia. Kozi fupi zina historia yake. Vituo vya kupima virusi vya Ukimwi vilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, washauri wengi walihitajika kwa haraka, nao walifanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, kumwandaa mtu mmoja kupokea majibu ya damu si sawa na kuketi kati ya mume na mke ambao hawajasemezana kwa miezi mitatu.

Hebu tuchukue jambo moja ambalo linaweza kumgharimu mtu maisha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Maana yake ni kwamba mshauri yeyote anayepokea wanandoa atawapokea waliopigwa, apende asipende. Aliyefunzwa vyema humwona kila mmoja peke yake kwanza, ndipo aulize. Mke akiulizwa mbele ya mumewe kama anapigwa, yamkini atasema hapana. Na akithubutu kusema ndiyo, jibu hilo atalilipia usiku huo huo nyumbani.

Asiyefunzwa huwaketisha pamoja, huwasikiliza kwa zamu, humwambia mke achunge ulimi na mume apunguze hasira, kisha huwaaga kwa kuwakumbusha kwamba wagombanao ndio wapatanao. Methali hiyo ni ya ugomvi, si ya kipigo. Palipo na hofu, vikao vya pamoja husimamishwa na swali hubadilika: mama huyu na watoto wake watalala wapi salama, na ni nani wa kuwasaidia, daktari, polisi au wakili? Haya hayajulikani kwa busara peke yake. Hufundishwa.

Taaluma yenyewe ni changa. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, daktari Murray Bowen aliwalaza hospitalini jamaa wa wagonjwa wa skizofrenia pamoja na wagonjwa wao, ili aone jinsi nyumba nzima inavyoishi. Kutoka kwake na kwa wenzake wa wakati huo likapatikana wazo ambalo wazee wetu hawangeliona geni: kwamba mtu hatibiwi akiwa ametengwa na watu wake. Humu nchini, Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian kilichoko Nairobi ni miongoni mwa vinavyofunza somo hili katika ngazi ya uzamili na hata uzamifu.

Mwanafunzi hufunzwa kuchora ukoo wa mteja wake kwa vizazi vitatu. Mchoro huo huitwa jenogramu. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, ndoa ni mstari, na mstari huo hukatwa mara moja kwa waliotengana na mara mbili kwa waliotalikiana. Aghalabu huanza kwa kuuchora ukoo wake mwenyewe, na hapo ndipo wengine hugundua ni kwa nini hawawezi kumsikiliza mlevi bila kumchukia. Hapa kwetu karatasi hujaa upesi. Mume yuko Nairobi, mke yuko mashambani, mtoto wa kwanza analelewa na nyanya, na shangazi aliye Saudi Arabia ndiye anayelipa karo na kwa hivyo ndiye mwenye kauli. Mahari nayo haijamalizwa, basi wakwe wanadai mtoto wao. Mhadhiri anayefunza kwa mifano ya vitabu vya ng'ambo pekee atatoa mhitimu anayejua kuchora asichokijua kusoma.

Kuna wanaouliza kijana wa miaka 26 ambaye hajaoa atamfunza nini mzee aliyekaa katika ndoa miaka 30. Swali hilo lina uzito wake, lakini sijasikia mtu akimwuliza daktari mwanamume wa wadi ya uzazi amezaa mara ngapi. Somo au kungwi wa Pwani, wazee wa ukoo, na wale wanandoa waliosimamia harusi wana nafasi yao, na ndoa nyingi zimeokolewa na watu hao bila shahada yoyote. Upungufu wao ni kwamba kila mmoja ni wa upande fulani, na siri iliyofika barazani ni vigumu kuirudisha chumbani.

Kwangu mimi, tatizo kubwa la mafunzo haya si darasani. Ni saa za mazoezi. Kwa miaka mingi tume inayoidhinisha mafunzo haya Marekani ilidai saa 500 za kukaa na wateja, angalau nusu yake zikiwa na wanandoa au familia, na saa 100 za kukaguliwa na msimamizi. Piga hesabu. Mwanagenzi anayepata saa tano kwa wiki atahitaji wiki 100 kufikia idadi hiyo, yaani karibu miaka miwili. Akiwa hapa kwetu, atazipata wapi? Amelipa karo, anajilipia nauli, halipwi chochote, na huzunguka akibisha milango ya vituo na makanisa akiomba apewe wateja. Akiwapata, mara nyingi ni mmoja mmoja, kwani kumleta mume na mke katika chumba kimoja ni kazi kubwa. Hatari iliyopo ni kumpa mtu shahada ya tiba ya ndoa ilhali wanandoa aliowahi kuketi nao wanahesabika kwa vidole.

Kwa hivyo, msomaji, ukienda kwa mshauri, muulize kama amesajiliwa. Muulize pia amewaona wanandoa kwa muda gani, na ni nani anayemsimamia kwa sasa. Ukiwa na hofu ya mwenzako, omba kuonwa peke yako.

Kwa upande wa serikali, huduma za afya ziligatuliwa tangu mwaka wa 2013. Kila hospitali kuu ya kaunti inaweza kutenga chumba kimoja chenye mlango unaofungika, ikaajiri msimamizi mmoja aliyehitimu, na kuwapokea wanagenzi wanne au watano kwa malipo madogo ya nauli na chakula. Wanandoa wangehudumiwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa hakuna anayegombana kwa Kiingereza cha chuo kikuu saa sita usiku. Gharama ya mpango huo si kubwa. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge yake kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na umma una haki ya kutoa maoni. Vikao hivyo huzungumzia barabara na masoko sana. Ombi la chumba hicho nalo lipelekwe huko, kwa maandishi.