Barua ya kazi si kadi ya kliniki (sehemu ya 4)

Kina mama, leo nina hasira kidogo. Mnaambiana, "Una selimundu? Iandike kwenye barua ya maombi, uwe mkweli." Jamani! Mbona ukweli anadaiwa mwombaji tu? Bosi haandiki kwenye tangazo kwamba AC yake ni barafu na kunywa maji mpaka uombe ruhusa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamlinda hata anayeomba kazi asibaguliwe kwa ujauzito, ulemavu au VVU. Selimundu haikutajwa kwa jina, ndiyo maana nasema usiwahi kujianika.

Ukiulizwa waziwazi, usidanganye: "Nina hali ninayoidhibiti, na kazi hii naiweza." Basi.

Ukishapewa mkataba, hapo ongea, tena taja mahitaji: maji karibu, sweta, siku ya kliniki. Baridi na upungufu wa maji mwilini vinaamsha yale maumivu, wewe unayajua kuliko mimi. Huombi huruma.

Ila kama kazi yenyewe ni kushinda kwenye chumba cha baridi cha samaki, sema kabla. Au usiende kabisa, dada.