Unyevu Hupanda kutoka Chini ya Nyumba

Masika yanapokwisha, nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani huonyesha alama ile ile. Sehemu ya chini ya ukuta, kutoka sakafuni hadi kiasi cha magotini, hubadilika rangi. Lipu hubanduka kama magamba ya samaki, na unga mweupe wa chumvi hujitokeza. Mwenye nyumba hununua kopo la rangi ya mafuta, akapaka, akaridhika. Masika yafuatayo madoa hurudi, tena yakiwa juu zaidi.

Sababu ni kwamba adui hayupo ukutani. Yuko chini ya nyumba. Tofali la saruji lina vitundu vidogo sana. Kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta ya taa, ndivyo tofali linavyoyavuta maji ya ardhini. Maji yakifika kwenye uso wa ukuta hukauka, lakini chumvi iliyomo hubaki, ikaganda na kuisukuma lipu. Rangi ya mafuta huyazibia maji njia ya kutokea, nayo huendelea kupanda mpaka yapate njia nyingine.

Jambo hili si la urembo tu. Chumba chenye unyevu huota ukungu, na mtoto mwenye pumu anayelala kwenye mkeka sakafuni ndiye wa kwanza kubanwa kifua. Mchwa nao hupenda udongo wenye maji. Hupenya katika nyufa za sakafu, wakajenga vijia vyao vya udongo hadi kwenye miimo ya milango, na mwishowe hufika kwenye mbao za paa.

Kabla ya kutumia hata senti moja, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa kama nusu mita, ukitandaze sakafuni na kukibandika kingo zote kwa utepe wa gundi. Kiache siku nzima, usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta upande wa juu, unatoka katika hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ikiwa unatoka ardhini, anza kazi nje. Paa lenye eneo la mita 60 za mraba, likinyeshewa mvua ya milimita 20, humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Bila mifereji ya bati, maji hayo yote huangukia kando ya msingi. Funga mifereji, uyaongoze maji kwenye pipa au mtaroni. Kisha chukua jembe. Udongo ulioinuka ukutani uchimbe mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi, na uwanja uteremke kutoka ukutani sentimita 5 kwa kila mita moja. Bustani ya mchicha, rundo la kuni na maji ya kuogea visikae karibu na ukuta.

Wale wanaoishi katika nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo wasiyazibe kwa saruji matundu ya hewa yaliyo chini. Yawekewe wavu wa chuma ili panya wasiingie, lakini hewa ipite. Chini humo pasigeuzwe ghala la mabaki ya mbao, kwani hiyo ni karamu ya mchwa.

Kuhusu dawa za mchwa, tahadhari. Aldrin na dieldrin, ambazo zamani zilimwagwa sana katika misingi, ziliwekwa katika orodha ya sumu za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hudumu miaka mingi ardhini na kuingia katika chakula. Usinunue dawa isiyo na maandishi kwenye chupa.

Anayejenga sasa ana bahati. Amwambie fundi atandaze nailoni nzito chini ya zege la sakafu na juu ya msingi, kabla tofali la kwanza la ukuta halijawekwa, na asikubali mchanga wa baharini. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kubomoa lipu kila mwaka.

Katika nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita, kila mmoja husema kazi hii ni ya mwenye nyumba, naye mwenye nyumba husema maji ni ya wapangaji. Wakati wanabishana, ukuta unakunywa. Mifereji na ainunue mwenye nyumba. Jembe na walishike wote, Jumapili moja kabla ya mvua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.