Mfadhili Naye Apewe Jembe

Timu ya mtaa ikipewa jezi zenye jina la kampuni ya simu au ya bia, watu wanapiga makofi. Ni wachache wanaouliza: kampuni hiyo inatafuta nini, na itabaki mpaka lini? Ni swali la haki, hata kwa kijana wa kambi ya wahami asiye na jezi nyingine.

Huko Marekani, vijana wa sketibodi wamelijibu swali hilo kwa miaka mingi. Sketibodi ni ubao wenye magurudumu manne madogo. Mtu anasimama juu yake, anaruka nao ngazi na kuta. Magazeti ya mchezo huo yanaonyesha vizuri namna pesa ya matangazo inavyofanya kazi.

Gazeti la Thrasher lilianzishwa San Francisco mwaka 1981. Waanzilishi wake walikuwa pia wenye Independent, kampuni ya vile vyuma vinavyoshika magurudumu chini ya ubao, nao walihitaji mahali pa kutangaza bidhaa yao. Kwa hiyo tangazo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini mtangazaji alikuwa mtu wa mchezo: mchezo ukifa, naye anafunga karakana.

Baadaye wakaja wa nje. Tony Hawk, mchezaji maarufu kuliko wote, alionekana hata katika matangazo ya maziwa. Nike, kampuni ya viatu, ilijaribu kuingia miaka ya 1990. Matangazo yake yaliuliza ingekuwaje kama wanariadha wote wangefukuzwa na polisi kama vijana wa sketibodi. Vijana walicheka, wakayapenda, lakini viatu hawakununua.

Mwaka 2002 Nike ilirudi kwa njia nyingine. Iliajiri wachezaji wenyewe, ikauza viatu kupitia maduka madogo ya sketibodi. Hapo ikakubaliwa, ingawa si na wote. Consolidated, kampuni ndogo ya mbao za sketibodi huko California, iliyageuza maneno maarufu ya Nike yakawa onyo: usifanye.

Hata hivyo, kuwa mtu wa ndani hakutoshi. Steve Rocco, mwenye kampuni ya mbao, alikataliwa matangazo yake na magazeti, akaanzisha lake mwaka 1992, Big Brother. Mwaka 1997 gazeti hilo likawa mali ya Larry Flynt, tajiri wa magazeti ya picha za ngono. Mwaka 2004 lilifungwa.

Pesa ya nje si sumu. Bila hiyo, wachezaji wengi wasingeweza kuishi kwa mchezo wao. Hatari iko pale ambapo mwenye pesa akiondoka hapotezi kitu, na wachezaji wakibaki hawana kitu.

Basi kabla ya kuvaa jezi, viongozi wa timu waulize: mkataba ni wa muda gani? Nani anapanga mambo ya timu? Kampuni ikiondoka, uwanja na mipira vinabaki kwa nani? Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfadhili anayekataa jembe alikuja kupigwa picha tu.