Sahihi za Watu wa Hawaii

Wako wasemao kwamba chama cha historia ni starehe ya wazee waliostaafu, wakusanyao picha kuukuu, wakanywa chai, wakaenda zao. Wenye fikira hizo na waitazame Hawaii.

Chama cha Historia cha Hawaii kiliundwa mjini Honolulu mwaka 1892, wakati visiwa hivyo vilipokuwa ufalme wenye mamlaka yake. Januari 1893 matajiri wa mashamba na wafanya biashara, wakilindwa na askari wa manowari ya Marekani, walimwondoa Malkia Liliʻuokalani katika kiti chake. Mwaka 1896 sheria yao ikaamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 1898 Marekani ikaitwaa nchi. Kisha ikaenezwa hadithi kwamba wenyeji walinyamaza. Na aliyenyamaza, bila shaka, amekubali!

Uwongo huo ulivunjwa na karatasi. Mwaka 1897 chama cha wapenda nchi, Hui Aloha ʻĀina, wanaume kwa wanawake, kilikwenda kisiwa baada ya kisiwa kikikusanya sahihi za kupinga nchi kutwaliwa. Zilipatikana zaidi ya 21,000, na wenyeji wote, hata watoto wachanga, walikuwa kiasi cha 40,000 tu. Wajumbe wanne walizipeleka Washington, na mkataba ukakosa theluthi mbili za kura za Seneti. Wakubwa wakatafuta njia nyingine, azimio lililohitaji wingi wa kura tu. Hati zile zilikaa katika hifadhi ya taifa ya Marekani karibu miaka mia, mpaka mwanachuoni mwenyeji, Noenoe Silva, alipozikuta mwaka 1996. Tangu hapo watu wamekuwa wakizipekua na kuyaona humo majina ya babu na bibi zao.

Lakini kwa nini miaka mia? Jibu ni lugha. Magazeti yapatayo mia yalichapwa kwa Kihawaii kati ya mwaka 1834 na 1948, na humo wenyeji walisema waziwazi waliyoyataka. Wanahistoria wengi waliandika vitabu vinene bila ya kuyafungua, kwa sababu hawakuweza kuyasoma. Karatasi ilihifadhiwa, msomaji hakuhifadhiwa.

Wenyeji wenyewe wamelitengeneza hilo. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi. Mwaka 1984 ilifunguliwa shule ya kwanza ya watoto wadogo ya Pūnana Leo. Na mwaka 2011 maelfu ya watu walijitolea kunakili kurasa za magazeti yale, neno kwa neno, bila ya malipo.

Chama cha Historia nacho hakikulala: kina maktaba, na jarida lake latoka kila mwaka tangu 1967. Hata hivyo jarida ni la wasomi. Mfanyakazi atandikaye vitanda katika hoteli za Waikiki, ambaye jina la bibi yake huenda limo katika hati zile, ana haki ya kuletewa nakala katika ukumbi wa chama chake cha wafanyakazi, kwa Kihawaii na kwa Kiingereza, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.